Salamu za Kifundo cha Mkono

Mume wangu alipokuja kwetu mara ya kwanza kujitambulisha, alirudi Meru akila kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyempiga. Baba yangu alimsalimia tu.

Huo ndio uliokuwa mtihani wa Baba. Wazazi wengine kule kwetu, juu kidogo ya Manyatta, Embu, humwuliza kijana ana shamba kiasi gani, ameokoka au bado, na mama yake ni wa ukoo gani. Baba hakuwa na haja na maswali. Alisimama mlangoni, akatabasamu kwa upole wa mzee wa kanisa, akanyoosha mkono wa kulia, mkono uliokuwa umeshika chaki miaka mingi na jembe miaka yote, halafu akafinya. Alifinya huku akiulizia habari za mvua. Kijana aliyepiga kelele hakufaa. Aliyenyamaza huku machozi yakimlengalenga alipewa kiti na chai. Mume wangu alinyamaza. Mpaka leo akimwona Baba anainuka kitini, huwa anakumbuka kitu alichosahau garini.

Sasa mtu kama huyo aliangushwa na mbu.

Ilianza na ziara. Wakulima wa majani chai wa upande wetu walichanga, wakakodi basi, wakaenda Mombasa kujifunza mambo ya soko. Hayo ndiyo waliyotuambia. Picha walizorudi nazo zilikuwa za wazee waliokunja suruali hadi magotini, wamesimama kwenye maji ya chumvi na soksi mikononi. Baba alirudi na halua, korosho na kikoi ambacho Mama alikigeuza kitambaa cha meza siku hiyo hiyo. Siku chache baadaye aliamka asubuhi akashindwa kufunga vifungo vya shati.

Mama alinipigia simu Kinoru, huko Meru, ambako nina kibanda cha kushona sare za shule na mapazia.

"Baba yako amekunjika," aliniambia.

"Amekunjika vipi?"

"Amekunjika tu. Kuja umwone, na usimwambie ni mimi nimekuita."

Nilimkuta amelala chali, amechemka kwa homa, upele mwekundu umemtapakaa kifuani, na magoti yamekataa kunyooka. Vidole vilikuwa vimevimba. Mwenye duka la dawa pale sokoni alikuwa ameshampa dawa ya malaria na taifodi, zote mbili kwa pamoja, kama ilivyo desturi. Sijawahi kumjua mtu wa kwetu aliyeugua taifodi peke yake. Huja na malaria, kama mtu na mkewe wanaokwenda harusini. Majirani nao walileta maelezo yao. Mmoja alisema mtu wa milimani haingii baharini bila kujinyunyizia kwanza maji yake miguuni. Mama mmoja wa kikundi cha maombi, ambaye hakuonjeshwa halua, alisema ni ile halua. Baba mwenyewe alilaumu kiti cha basi.

Tulimpeleka hospitali mjini Embu. Daktari alikuwa msichana mdogo, na Baba alimtazama vile alivyokuwa akiwatazama walimu wa mazoezi. Alipimwa damu. Halafu yule msichana akavuta kiti, akakaa karibu.

"Mzee, ulisafiri hivi karibuni?"

"Mombasa. Kwa mambo ya soko."

"Na huko mbu walikuuma?"

"Mimi? Nililala ndani ya neti. Nilichomekea pande zote nne. Uliza huyu mama vile mimi huchomekea."

"Mchana je?"

"Mchana mbu amelala," Baba alisema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari.

"Huyu hajalala, mzee. Huyu ana miguu ya madoadoa meupe na anauma kutoka asubuhi mpaka jioni. Mchana mlikuwa mnakaa wapi?"

Baba akafikiri. "Kulikuwa na kivuli kizuri nyuma ya mahali tulikuwa tunalala. Hapo kwa mapipa ya maji."

"Maji machafu?"

"Safi kabisa! Hata nilikuwa nanawia uso."

"Basi ni hapo. Huyo anapenda kutaga kwa maji safi."

Aliandika kitu kwenye karatasi, na Baba akaona wazi kwamba ameandikiwa kosa. Ugonjwa wenyewe haukumkera sana. Kilichomkera ni yule mbu wa mchana. Maisha yake yote aliamini mbu ana saa zake za kazi, naye alikuwa ameziheshimu.

Daktari alituambia ni chikungunya. Ni kirusi, si malaria, kwa hiyo dawa zote tulizonunua sokoni zilikuwa zimekwenda kumtafuta mtu asiyekuwepo nyumbani. Hakuna dawa ya kukiua. Mwili wenyewe hukifukuza kwa muda wa wiki moja hivi, lakini kinapoondoka huacha ugomvi kwenye viungo. Wengine huumwa wiki kadhaa. Watu wa umri wa Baba wanaweza kuumwa miezi, pengine zaidi. Anywe maji mengi, apumzike, ameze paracetamol, na asinunue vidonge vikali vya maumivu mpaka yeye daktari ahakikishe si ule ugonjwa mwingine wa jamii hiyo, dengue, maana hapo vidonge hivyo vinaweza kumfanya atokwe na damu. Na kwa siku zilizobaki za homa, alale ndani ya neti hata mchana.

"Na huku kwetu hakuna mbu wa maana," Baba alisema.

"Ndio maana, mzee. Akipatikana hata mmoja wa aina hiyo akuume sasa, atabeba hiyo virusi apelekee jirani."

Baba akageuka akamtazama Mama. "Kwa hivyo saa hii mimi ndio hatari kwa mbu?"

Nilitoka nje. Nilicheka nikishika ukuta wa hospitali, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

Nyumbani Mama alitangaza vita. Alimwaga maji ya mikebe ya maua, akaondoa gurudumu kuukuu ambalo kuku walikuwa wakinywea, akafunika mapipa ya maji ya mvua kwa mbao na mawe. Baba akawekwa ndani ya neti saa sita mchana, jua likiwaka, na wajukuu wakapanga mstari dirishani kumtazama. Nilicheka tena. Halafu jioni nilimpelekea uji, nikaona jinsi alivyoupokea. Hakuweza kukunja vidole kwenye mkono wa kikombe. Alikibana kwa viganja viwili, kama mtoto, akakiinamia badala ya kukiinua, na uji mwingine ukamwagikia kifuani. Aliniangalia haraka kujua kama nimeona. Nilijifanya natafuta kitu mkobani. Nilimwonea huruma sana, na nikaona haya kwa kicheko changu cha mchana.

Usiku ule ule alituita: Mama, mimi, na mdogo wangu wa mwisho, msichana aliyekuwa amekuja kumwona. Akatuwekea Biblia ya Mama mezani.

"Hakuna mtu ataambiwa," alisema. "Mkiulizwa, ni baridi imeingia kwa mifupa. Mimi sitakuwa yule mwalimu aliangushwa na mdudu."

Tukaapa. Ndivyo alivyokuwa. Hata vifungo vya shati hakumruhusu mtu kumfungia. Alivaa sweta juu ya shati lililo wazi, mchana kutwa, jasho likimtoka, akisema anasikia baridi. Mama alikuwa akimvizia akisinzia ndipo amfunge kimoja kimoja.

Shida ni kwamba kabla ya ziara ile tulikuwa tumeshapanga siku ya wageni. Mdogo wangu anafanya kazi Timau, kwenye shamba la maua, anapanga waridi kwa urefu wa vikonyo. Huko alimpata fundi wa kombaini za kuvuna ngano. Kusema kweli hakumpata huko, alimpata kwangu: kijana alikuja Kinoru kuchukua mapazia ya mama yake, mdogo wangu yuko mapumzikoni, na yale mapazia yalichukuliwa mara nne. Kwa hiyo lawama zote za harusi hii ni zangu. Watu wa kijana walikuwa waje kujitambulisha, na mdogo wangu alikuwa akihesabu siku. Baba alikataa kuahirisha, kwa sababu kuahirisha kunataka sababu.

Wakaja. Watu saba kutoka ule ubaridi wa Timau, wamevaa makoti mazito na mitandio ya sufi, wakashuka kwetu wakitota jasho. Baba mzazi wa kijana alikuwa mrefu, mtaratibu, mtu aliyeendesha mashine za ngano tangu ujana wake. Msemaji alikuwa kaka yake mkubwa, mzee mwenye kofia ngumu na mdomo mdogo, ambaye kila alichokisema kilionekana kimepimwa kwanza.

Baba aliinuka kitini kwa awamu tatu. Yule mzee wa kofia alitangulia, akanyoosha mkono. Nami nikaona kwa macho yangu Baba akikunja vidole ndani, akainua mkono, akampa kifundo.

Kwetu kifundo cha mkono hutolewa na mtu aliyechafuka. Mama anayefua, fundi mwenye grisi, mtu aliye katikati ya kula. Ni heshima: nisamehe, siwezi kukushika, lakini pia siwezi kukuacha bila salamu. Mgeni hukishika kile kifundo, wote wakacheka, mambo yakaisha. Lakini mtu aliyekaa bila kazi, amenawa, ananukia sabuni, akikupa kifundo, huyo anakuambia jambo jingine kabisa. Anakuambia mchafu ni wewe. Naye Baba aliwaambia hivyo watu saba mfululizo, na kila mmoja alimwondolea mkono upesi kwa sababu ya maumivu, kama mtu aliyegusa kinyesi cha kuku.

Walikula kidogo. Mzee wa kofia aliacha nusu chapati kwenye sahani, akaifunika na kitambaa kwa adabu iliyoniogopesha. Waliondoka bila kutaja siku ya kurudi.

Wiki hiyo mdogo wangu alikuja kwangu Kinoru, akakaa kwenye rundo la sare za shule bila hata kuvua koti.

"Ankoli yao amesema hawarudi," alisema. "Amesema kwao hawajawahi kupewa kifundo na mtu ameshanawa. Amesema kama mikono yao ni michafu, Baba akae na msichana wake akiwa msafi."

Nilitaka kucheka, maana ni maneno mazuri. Sikucheka.

"Na kijana anasemaje?"

"Anasema ataongea na wao. Lakini hawezi kuja kunioa akiwa peke yake kama mtu anakuja kununua viazi." Akafuta macho na mkono wa sare ya mtoto wa mtu. "Nampenda huyo mtu, dada. Na Baba ananiharibia juu ya mbu."

Nilimpigia Baba simu mbele yake. Nilimwambia yote, hata nusu chapati.

"Sema ni baridi," alijibu.

"Baridi, Baba? Utawaambia watu wa Timau habari ya baridi?"

"Basi atapata mwingine," alisema.

"Hataki mwingine."

Nilimsikia akihema. "Huyo kijana ni mzuri?" aliuliza.

"Mzuri, Baba."

"Mimi sikumshika," alisema. "Nitajuaje? Hao wengine wote niliwashika."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikamsamehe nusu. Haikuwa aibu peke yake. Kwa namna yake ya kijinga, mkono ule ndio uliokuwa ulinzi wake kwa mabinti zake, na alikuwa anatakiwa kumtoa wa mwisho bila hata kugonga mlango wa kijana kuona kama kuna mtu ndani.

Nilikaa na lile jambo siku mbili, nikishona. Tulikuwa tumeapa kutosema juu ya mbu. Lakini hakuna aliyeapa kutomchafua Baba mikono.

Kwanza nilimpigia simu mama wa kijana, mteja wangu wa mapazia.

"Mama," nilimwambia, "mzee wetu hajalala vizuri tangu mtoke hapa. Ameona hamkula. Anasema mkirudi atawapikia chapati yeye mwenyewe, kwa mikono yake."

"Mwanamume?" aliuliza.

"Yeye mwenyewe."

"Chapati?"

"Ya kukanda."

"Tutakuja," alisema, na nikajua hata kama ingekuwa ni vita, watu wa Timau wangekuja kuona. Akaongeza kuwa watatanguliza kutuma unga wao wenyewe, wa ngano ya kwao.

Kumpata Baba ilikuwa kazi kubwa zaidi. Nilimwambia daktari amesema vidole vifanyishwe mazoezi kwenye kitu laini na cha vuguvugu. Daktari hakuwa amesema hivyo, lakini alisema asiviache vikae tu, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na mguu mmoja wa kweli. Halafu nikamweleza habari za kifundo. Mtu mwenye unga mikononi, nani atamlaumu?

Alinitazama. "Haya mambo ulifundishwa na nani?"

"Na mwalimu," nilimjibu.

Siku ilipofika, wageni walimkuta uani, kwenye kigoda, amevaa aproni ya Mama yenye maua ya zambarau, mikono imezama kwenye karai la unga hadi juu ya vifundo. Mama alikuwa ameukanda kidogo kwa kuficha, akaondoka. Mikono ya sweta la Baba ilikuwa imevutwa juu, na kwa mara ya kwanza tangu augue alionekana mtu mwenye shughuli.

Mzee wa kofia alisimama. Akaangalia unga. Akaangalia aproni. Akaangalia kifundo alichonyooshewa, kimejaa unga, na uso wake ukafunguka.

"Muga, muthoni!" alisema kwa furaha. Kwao hiyo ni salamu, na muthoni ni mkwe. Tulikuwa tumerudishiwa ukwe.

Akakishika kifundo. Sasa hapo ndipo mipango yangu ilipokuwa na tundu: nilisahau kwamba kifundo nacho ni kiungo. Yule mzee alikibana kwa moyo wake wote, akakitikisa kama anayesukuma pampu ya kisima, huku akiulizia habari za mvua. Baba hakutoa sauti. Alitabasamu. Machozi yalimlengalenga, yakasimama hapo hapo ukingoni. Nilimtazama mume wangu, niliyekuja naye, na mume wangu akanitazama mimi. Kwa mtihani wake mwenyewe, Baba alikuwa amepita, na kama si kwamba alikuwa ameketi tayari, angepewa kiti.

Wote saba wakakishika. Kijana alikuja wa mwisho, akakigusa polepole, akashangaa kidogo kwa joto lake, akakiachilia. Nadhani alihisi kitu. Hakusema.

Ingekuwa imeisha vizuri. Lakini yule baba mtaratibu wa kijana alikuwa amewahi kuwapikia vibarua wa mavuno shambani, zamani za ujana wake, na mtu aliyepika unga wa watu wengi hapiti karai bila kuangalia ndani. Aliinama.

"Muthoni," alisema, "hii unga haijakandika."

"Inapumzika," Baba alijibu.

"Inapumzika imefanya kazi gani?"

Watu wakacheka. Mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni na sahani mikononi, hakucheka.

"Hebu kanda kidogo nione," mzee alisema kwa utani tu. "Hii yetu ya Timau ni nguvu, inataka mtu."

Baba akakanda. Alisukuma kiganja mara moja. Mara ya pili alijaribu kukunja vidole ili avute unga, na nikaona uso wake ukibadilika rangi. Mara ya tatu hakufika. Alikaa hivyo, mikono ndani ya karai, ameinama, na kicheko uani kikapungua kimoja kimoja mpaka kikaisha. Mzee wa kofia alianza kuutazama tena ule mkono kwa yale macho ya siku ile.

Nilifungua mdomo niseme uongo wa tatu.

Baba aliinua kichwa akamtazama binti yake pale mlangoni. Alimtazama tu. Halafu akaitoa mikono kwenye karai, yote miwili, akainyoosha mbele ya wageni, unga ukining'inia kwenye vidole vilivyovimba na kupinda, visivyofunga wala kufunguka.

"Siku ile sikuwapea kifundo kwa dharau," alisema. "Hii mikono haishiki. Hata kikombe haishiki. Niliumwa na mbu." Akameza mate. "Wa Mombasa. Mchana."

Lile neno la mwisho alilisema kama mtu anayeungama dhambi kubwa kuliko zote.

Wageni wakatazamana. Timau ni baridi; mbu huko ni kitu cha kusikia redioni.

"Mbu," mzee wa kofia alisema hatimaye. "Mbu ndiyo huyu mdogo?"

"Ndiye."

"Amefanya haya yote?" Akaangalia kiganja chake mwenyewe. "Na hii kitu inaambukizana kwa mkono?"

Hapo nikaingilia. Nikawaeleza yote ya daktari, kirusi na homa na viungo, kwamba hakiambukizwi kwa kushikana, kwamba ni mbu peke yake anayebeba, na kwamba ile wiki ya hatari ilishapita zamani. Nilieleza kwa kirefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu niliogopa kitakachofuata nikinyamaza.

Baba wa kijana hakusubiri nimalize. Alivua koti, akachuchumaa mbele ya kigoda, akaichukua mikono ya Baba pamoja na unga wake, akaiweka ndani ya mikono yake mikubwa. Hakufinya hata kidogo. Aliishika vile mtu anavyoshika kifaranga cha siku moja.

"Ungetuambia tu, muthoni," alisema.

"Niliona haya," Baba alisema.

"Inauma sana?"

Tangu augue, Mama alikuwa amemwuliza swali hilo kila siku, na kila siku alijibu hapana. "Inauma," Baba alisema. "Asubuhi inauma mpaka nataka kulia."

Mzee wa kofia akavua kofia. Akaitundika kwenye kamba ya nguo, akanawa mikono kwa sauti, ili kila mtu asikie kuwa ananawa, akalivuta karai. "Sogeeni," alisema. "Msichana ataolewa na njaa hii?" Siku ile chapati zilipikwa uani kwetu na wazee wa Timau waliobaki na mitandio yao ya sufi shingoni, na Baba akakaa pembeni na aproni yake, akiwasahihisha. Mzee wa kofia alikula sita. Kabla hawajaondoka, siku ya kurudi ilikuwa imetajwa.

Harusi ilikuja baada ya miezi mingi. Baba alikuwa amepata nafuu, si kupona. Asubuhi alikaa na kikombe cha chai ya moto kati ya viganja mpaka vidole vikubali kuamka. Aliweza kuandika jina lake. Kuchuma majani chai hakuweza. Alitembea katikati ya mistari na kuwaambia wachumaji wanakosea. Akisikia mbu, saa yoyote, alisimama.

Siku yenyewe, mlangoni pa kanisa, bwana harusi alikuwa amepanga mstari na watu wake, suti ya kijivu, jasho puani. Baba akaja. Alisimama mbele ya kijana, akatabasamu lile tabasamu la zamani, na mume wangu aliyekuwa kando yangu akarudi hatua moja bila kujua. Baba akanyoosha mkono wa kulia, wazi, mzima.

"Kijana," alisema. "Habari ya mvua huko Timau?"

Akafinya. Nilikuwa karibu, niliona. Mshipa wa shingo ulimsimama kwa nguvu alizotia, lakini vile vidole havikuzunguka hata nusu ya kiganja cha yule kijana. Mtoto mchanga hufinya zaidi.

"Wuui! Mzee!" kijana akapiga kelele. Magoti yakamkunjika, akajishika mkono, akajipinda mbele ya kanisa zima na suti yake ya kijivu. "Mzee, utanivunja! Nitavaa pete na nini?"

Watu wakaangua kicheko. Wanawake wakapiga vigelegele. Baba akamwachilia, akaingia kanisani kifua mbele, nasi tukamfuata, akakaa kwenye benchi kando yangu. Kwa sheria zake mwenyewe, kijana aliyepiga kelele hakufaa. Nilingoja aseme.

"Umesikia vile amelia?" aliniuliza, macho madhabahuni.

"Nimesikia, Baba."

"Hakuumia."

Nikamgeukia.

"Nimefinya na nguvu yangu yote, na sikufinya kitu. Yeye anajua, na mimi najua." Alitazama mikono yake iliyolala magotini. "Bwana yako alinyamaza ili nimwone yeye. Huyu amelia ili watu wanione mimi." Akainua tena macho. "Huyo atamtunza."

Kwaya ikaanza kuimba, tukasimama wote, yeye kwa awamu mbili sasa badala ya tatu. Mdogo wangu alikuwa anaingia na shela lake. Baba hakuwa amevaa sweta siku ile, na mkono wa shati lake jeupe ulikuwa wazi, kifungo kinaning'inia. Alinigusa bega, akaninyooshea kifundo cha mkono, nami nikamfungia.